Skana ya mkononi kwa muuguzi wa majumbani Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowafuata wagonjwa majumbani: mgonjwa wa saratani aliyerudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mzee aliyepooza upande mmoja, mtu anayeishi na VVU, mwenye kidonda cha kisukari kisichofunga. Maswali ni yale ambayo mtu huuliza anaposhika skana, mashine ndogo ya kugeuza karatasi kuwa picha ya kompyuta, mara ya kwanza, na yale yanayojitokeza baada ya kuitumia msimu mzima wa mvua.

Msimamo wetu tunauweka mbele kabisa: karatasi ya mgonjwa haitoki nyumbani kwa mgonjwa. Majibu karibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Mashine ya kopi ipo mjini. Skana ya nini?

Kwa sababu ili kopi itoke, karatasi lazima isafiri. Muuguzi anachukua cheti cha rufaa kijijini, anakwenda nacho steshenari ya Newala au Nachingwea, akitegemea kukirudisha ziara ijayo. Hapo katikati mvua inanyesha, mkoba unapita mikono miwili mitatu, ziara ijayo anakwenda mwenzake, na cheti hakirudi. Mtu anayeishi jirani na hospitali kubwa ataona huo ni usumbufu tu. Lakini kwa mgonjwa aliyepata mionzi Ocean Road, takriban kilomita 560 kutoka Mtwara mjini, karatasi ya kuruhusiwa ndiyo pekee inayoeleza alitibiwa nini, kwa kiasi gani, na arudi lini. Zahanati ya kijiji haina nakala yake. Ikipotea, daktari wa zamu katika hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao anaanza kumhoji mtu mwenye maumivu makali kuhusu mambo ambayo karatasi ilikwisha kuyajibu.

Kuna na suala la siri. Steshenari kuna foleni, na majibu ya mgonjwa yanalala juu ya kioo mbele ya wateja wengine. Kopi iliyotoka vibaya inatupwa kwenye boksi la karatasi chakavu, na karatasi chakavu za mtaani tunajua zinakoishia: kufungia karanga na maandazi. Baadhi ya mashine kubwa za kopi pia zina diski ndani inayobaki na picha za kilichopita. Skana ikifanya kazi chumbani kwa mgonjwa, mambo yote hayo yanaondoka.

Skana ya mkononi ni ipi hasa, na ipi inatufaa?

Inayotajwa sana ni ile ya kulisha karatasi: mashine nyembamba, urefu wake kama upana wa karatasi ya A4 na kidogo zaidi, unaingiza karatasi moja, rola zinaivuta na kuitoa upande wa pili. Brother DS-640 na Epson ES-50 ni za aina hii. Hazina betri, hupata umeme kwa waya wa USB. ScanSnap iX100, iliyotengenezwa na Fujitsu na sasa kuuzwa kwa jina la Ricoh, ina betri ndani yake, uzito wa gramu 400, husoma ukurasa kwa sekunde tano hivi na kuutuma kwenye simu au kompyuta kwa Wi-Fi. Epson ES-60W nayo ina betri.

Aina nyingine ni ya kusukuma kwa mkono juu ya karatasi. Inavutia kwa bei na wepesi, ila mkono ukiyumba maandishi yanapinda, na ukiharakisha mstari unarukwa. Hatuipendekezi kuwa mashine yako ya msingi. Zile za kamera juu ya mguu ni nzuri sana, lakini mahali pake ni mezani ofisini.

Kwa anayepanda bodaboda kutoka Tandahimba kwenda vijijini, chukua yenye betri kama fedha inaruhusu. Kabla ya kulipa, jaribu pale pale dukani kama programu yake inafanya kazi kwenye simu au kompyuta mnayotumia kituoni. Skana isiyo na programu ni mzigo, na programu ni lazima uipakue na kuijaribu ukiwa mjini, usingoje kufika kwa mgonjwa.

Simu yangu ina kamera nzuri. Haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na kituo kisicho na fedha ya skana kisisubiri skana ndipo kianze kutunza kumbukumbu. Simu ya kituo yenye neno la siri, pamoja na programu ya kunyoosha picha ya karatasi, inafanya kazi ya maana.

Lakini angalia hatari zake. Ya kwanza ni kivuli. Nyumba nyingi zina dirisha dogo, na unapoinama kupiga picha kichwa chako kinaziba mwanga. Nukta katika 2.5 ikimezwa na kivuli, msomaji wa mbali anaona 25. Kwa dawa kama mofini ya maji, kosa hilo linaua. Skana ya kulisha ina taa yake ndani, kila ukurasa unapata mwanga sawa, na hiyo ndiyo sababu yetu kubwa ya kuipenda.

Ya pili: picha za simu zinaingia kwenye galari, galari inajipakia yenyewe mtandaoni, na jioni mtoto anaomba simu acheze. Usitumie simu yako binafsi.

Ya tatu ni programu zenyewe. Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua kirusi ndani ya kipande cha matangazo kilichokuwemo kwenye CamScanner ya Android, programu iliyokuwa imepakuliwa na watu zaidi ya milioni 100. Google iliiondoa dukani kwake, ikaja kurudi baada ya kusafishwa. Jambo la kushika hapo: programu ya bure inayoleta matangazo haina sababu ya kuona karatasi za mgonjwa.

Nimwombeje mgonjwa ruhusa? Hata neno "skana" hajawahi kulisikia.

Huna haja ya kulitumia neno hilo. Kaa, salimia kama inavyopasa, uliza hali ya usiku, fanya kwanza kazi iliyokuleta. Kisha sema kwa maneno yako, kwa mfano:

"Bibi, nimeona makaratasi yako ya hospitali. Naomba nitoe nakala hapa hapa mbele yako kwa kimashine hiki, halafu yenyewe nakurudishia mkononi. Nakala tutaisoma mimi na daktari wako tu. Ukisema hapana, dawa utapata vilevile, na mimi nitakuja kama kawaida."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mgonjwa wa nyumbani anakutegemea kwa dawa, kwa kufungwa kidonda, kwa glavu. Asipoambiwa wazi kwamba kukataa hakumpunguzii kitu, "ndiyo" yake inaweza kuwa hofu tu.

Swali linalofuata huwa ni nani hasa wa kujibu. Kwa jamii nyingi za kusini, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya familia, na mara nyingi utamkuta amekaa pale. Msalimie, mweleze, msikilize. Hata hivyo, bibi mwenye akili timamu ndiye mwenye karatasi na ndiye mwenye jibu. Mjomba, mume au mtoto anasema kwa niaba yake pale tu ambapo mgonjwa hajitambui au ni mtoto mdogo.

Wapo watakaokataa kwa sababu wamewahi kupigwa picha na wageni wa miradi na hawakuona faida yake. Wana haki. Usibembeleze mara ya pili siku hiyo hiyo.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, na kanuni ya msingi kwa kundi hilo ni ridhaa ya maandishi. Sheria inatoa nafasi kwa mambo ya matibabu yanayofanywa kwa faida ya mgonjwa chini ya mtaalamu wa afya, lakini tunashauri msijifiche nyuma ya nafasi hiyo. Fomu fupi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, iliyosomwa kwa sauti na kuwekwa saini au dole gumba, haichukui muda. Iwe na mambo manne: nini kinanakiliwa, nani ataona, kitatunzwa wapi, na kwamba mgonjwa anaweza kubadili nia siku yoyote.

Kwa wanaoishi na VVU ipo pia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, inayobana siri ya majibu yao. Jina la kliniki peke yake juu ya kadi limeshasema kila kitu.

Nikae wapi wakati wa kuskani?

Ndani. Baraza lina mwanga na hewa, ndiyo maana kila mtu anakupeleka huko, na ndiyo maana halifai. Barazani anapita jirani, anapita muuza samaki, watoto wanazunguka kuona mashine inayomeza karatasi. Omba chumba, au subiri wageni waage. Mkeka safi au kiti kimoja kinatosha kuweka skana. Acha nyuma yake nafasi ya karatasi kutokea, vinginevyo itagonga ukuta na kukunjika.

Skani, rudisha karatasi mkononi, skani inayofuata. Usirundike zote kwako. Ukimaliza, zihesabu pamoja na mgonjwa au anayemuuguza kabla hujafunga mkoba.

Karatasi zipi zinapita na zipi hazipiti?

Hapa ndipo watu wanapoharibu vitu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Daftari kwanza. Wagonjwa wetu wengi wanatibiwa kwa daftari la shule lenye jina juu ya jalada. Kila zahanati inaandika ukurasa wake, na mgonjwa wa miaka mingi ana madaftari mawili matatu yaliyofungwa kwa uzi. Daftari haliingii kwenye skana ya kulisha. Usichane ukurasa. Usitoe pini za katikati ukidhani utazirudisha. Zikitoka, kurasa zinaanza kuhama, na mpangilio wa tarehe ndio uhai wa daftari. Lifungue, bana kingo kwa vidole viwili, piga picha kwa simu ya kituo kurasa mbili kwa pamoja ukiwa umesimama wima juu yake, kisha kuza picha uone kama dozi zinasomeka kabla hujageuza ukurasa.

Kadi ya CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) na kadi za kliniki za mama na mtoto ni karatasi ngumu zenye mikunjo. Baadhi ya skana zinazikubali zikinyooshwa, nyingi zinakwama kwenye mkunjo. Kadi iliyochakaa kwenye kona usiilazimishe. Nayo ipige picha.

Vipande vya majibu ya maabara vilivyochapwa na mashine ndogo kwenye karatasi laini ya kung'aa vipewe nafasi ya kwanza siku zote. Karatasi hiyo huandikwa kwa joto, na joto hilo hilo ndilo linaloiharibu. Ikikaa chini ya bati la Mtwara miezi michache inaweza isisomeke tena. Kwa kuwa hujikunja, iweke ndani ya plastiki ya kubebea inayouzwa pamoja na skana nyingi, au ile inayolingana na mashine yako.

Nakala za kaboni, zile za waridi na njano, husomeka hafifu. Ongeza giza kwenye programu kabla ya kuskani.

Picha ya eksirei haiskaniwi kwa mashine hii. Utapata weusi mtupu. Kinachotakiwa ni karatasi ya maelezo ya daktari aliyeisoma.

Kila karatasi, igeuze. Skana nyingi ndogo husoma upande mmoja tu, na nyuma ya cheti cha rufaa mara nyingi ndipo kuna maelekezo ya mkono: "arudi baada ya wiki sita", "asipewe dawa fulani". Nyuma isiyoskaniwa ni nusu ya habari iliyopotea.

Niweke ubora gani? Rangi au nyeusi na nyeupe?

Dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kijivu. Hiyo inatosha kwa karatasi karibu zote. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 ni nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7, ukipanda dpi 600 nukta zinakuwa mara nne na faili linavimba bila wewe kusoma zaidi. Nyeusi na nyeupe kabisa inaokoa nafasi, lakini inafuta penseli na mihuri iliyofifia, na mihuri ya huku hufifia. Rangi itumike pale ambapo rangi inasema jambo: wino mwekundu wa kuonya mzio wa dawa, au chati yenye mistari ya rangi mbili.

Hifadhi kwa PDF, kurasa zote za tukio moja katika faili moja.

Inahitaji bando? Na umeme ukikatika?

Bando hapana. Wi-Fi ya skana ni mtandao mdogo inaoutoa yenyewe kati yake na simu, intaneti haihusiki. Umeme: skana za USB zinatumia volti 5, hivyo pawabanki nzuri inachaji ile yenye betri. Ile isiyo na betri inategemea kompyuta uliyoichomekea.

Pangeni kazi yenu kana kwamba mtandao haupo. Mei 2024 mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara, na tarehe 12 ya mwezi huo huo hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom ikayumbisha intaneti nchi nzima. Waliokuwa na nakala kwenye kompyuta ya kituo waliendelea kuzifungua. Aliyekuwa ameweka kila kitu mtandaoni alisubiri.

Faili nilipe jina gani?

Usitumie jina la mgonjwa. Tumia namba yake ya kituo, kisha tarehe kuanzia mwaka, kisha aina ya karatasi: 0147_2025-11-03_rufaa. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta inajipangia mafaili kwa mfuatano wa matukio. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Fanyeni hivyo siku hiyo hiyo. Skana ikikuachia faili liitwalo SCAN0031, kesho hutakumbuka ni la nani, na huku majina yanafanana sana. Fatuma Hamisi na Somoe Saidi unaweza kuwakuta zaidi ya mmoja katika mtaa mmoja.

Naweza kumtumia daktari kwa WhatsApp?

Kwenye kundi, hapana kabisa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani, hilo ni kweli, lakini ukifika unalala kwenye simu ya kila mwanakundi, unaingia galari, na yeyote anaweza kuusukuma mbele. Makundi ya kazi yana watu waliohama kituo muda mrefu.

Dharura ipo. Mgonjwa anabanwa na pumzi Kilwa Kivinje, daktari anataka kuona dozi ya mwisho, na hakuna njia nyingine. Mtumie yeye peke yake, ukurasa unaohitajika tu, jina likiwa limefunikwa, mpigie kumwambia ni mgonjwa yupi, na mkimaliza mfute wote wawili. Kisha andika kwenye faili la mgonjwa kwamba ulituma, kwa nani na kwa nini.

Nakala zitunzwe wapi?

Sehemu mbili zisizo jengo moja. Kompyuta ya kituo yenye neno la siri ni ya kwanza. Diski ya nje iliyofungwa kwa nywila na kukaa kwenye kabati la mganga mfawidhi lililo jengo jingine, au hospitali ya wilaya, ni ya pili. Flashi ni ya kubebea tu, na inabeba virusi kirahisi kutoka steshenari. Mkihakikisha faili limefika na linafunguka, lifuteni kwenye simu iliyotoka nyumbani kwa mgonjwa.

Kuhifadhi kwenye huduma za mtandaoni ambazo kompyuta zake ziko nje ya nchi ni uamuzi wa taasisi, si wa muuguzi mmoja mmoja. Sheria ya 2022 ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje.

Kuna programu inayosoma maandishi yenyewe. Itasoma mwandiko wa daktari?

Usiitegemee. Programu hizo husoma vizuri herufi za kuchapwa. Kwa mwandiko wa mkono hukisia, na hukisia kwa kujiamini. Dawa, dozi na tarehe ziandike mwenyewe ukiangalia karatasi halisi, ukishindwa kusoma mpigie aliyeandika.

Nakala ya skana inakubalika kisheria? Bima je?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Kumbukumbu haiwezi kukataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Hilo halifanyi karatasi halisi kuwa takataka. Mgonjwa anapokwenda hospitali anabeba halisi. Kwa madai ya bima, NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) au mfuko mwingine, fuata utaratibu wa mfuko husika na usidhani kwamba PDF inachukua nafasi ya fomu yenye saini.

Nimekuta fomu tupu zilizokwisha kusainiwa na mgonjwa "kurahisisha kazi". Niziskani?

Hapana, na usizijaze. Saini inatakiwa ishuhudie huduma iliyotolewa. Hapo inashuhudia huduma ambayo haijatolewa. Mrudishie mgonjwa achane mwenyewe, na mweleze kwa nini. Mgonjwa asiyejua kusoma anaweza kuwa amesainishwa jambo litakalokula bima yake bila habari.

Video nyingi za mtandaoni zinataja HIPAA na OASIS. Zinatuhusu?

Hizo ni za Marekani. HIPAA ni sheria yao ya mwaka 1996 inayogusa siri za taarifa za afya. OASIS ni tathmini ndefu ambayo mashirika ya uuguzi wa nyumbani yanayolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, hulazimika kuijaza kwa mgonjwa. Muuguzi wa huko hupita nyumba hadi nyumba akikusanya saini na vyeti, ndiyo maana skana za mkobani zilipata soko kwake mapema. Mbinu zao za kupanga mafaili unaweza kujifunza. Sheria, tumia ya kwetu.

Unyevu na vumbi vya huku vitaiua mapema?

Vitaipunguzia umri usipoitunza. Pwani ya Mikindani, Lindi na Kilwa hewa ina chumvi na maji. Masasi na Nanyumbu wakati wa kiangazi ni vumbi. Beba skana ndani ya mfuko wa zipu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, hata vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Usiiache kwenye boksi la pikipiki juani. Betri za lithiamu zinachukia joto.

Ukiona mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini kwenye kila ukurasa, hiyo ni chembe ya vumbi juu ya kioo. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Ukisafisha na mstari ukabaki, tumia ile karatasi nyeupe maalumu iliyokuja na mashine kuirekebisha upya. Wengi huitupa pamoja na boksi, nawe usiitupe.

Karatasi iliyolowa isubiri ikauke. Haitaskaniwa vizuri, itachanika, na rola zitabaki na matope.

Karatasi kutoka nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu ni hatari?

Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa. Fungua dirisha, vaa barakoa yako, karatasi haina neno. Yenye damu, usaha au uchafu wa kuhara usiipitishe kwenye skana: ipige picha bila kuigusa kwa mkono mtupu. Osha mikono kabla ya kushika mashine na baada yake. Spiriti ya vidonda usiimimine kwenye mashine, kwani inaweza kuharibu rola na plastiki. Kijitabu chake kinasema kitumike nini.

Karatasi imekwama. Niivute?

Zima, fungua kifuniko, itoe polepole kwa kuelekea ilikokuwa inakwenda. Pini ya stepla ndiyo mkosaji wa kawaida.

Msimu wa korosho familia inahamia shambani na karatasi zimebaki nyumbani. Tufanyeje?

Hapa nakala inalipa. Kati ya Septemba na Desemba utawakuta wagonjwa kwenye vibanda vya shamba, na sanduku la vyeti limefungwa kijijini. Kabla msimu haujaanza, pitieni wagonjwa wote na kuskani vilivyopo, kisha mchape ukurasa mmoja wa muhtasari: ugonjwa, dawa na dozi, mzio, namba ya simu ya kituo. Huo ndio aende nao shambani. Karatasi halisi zibaki sandukuni, juu ya sakafu, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mgonjwa akifariki, nakala zake tunazifanyia nini?

Kwanza usiende msibani kuulizia makaratasi. Nenda kuzika, nenda kutoa pole. Hitima ikishapita, familia yenyewe inaweza kukutafuta: aliyefia nyumbani naye anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na maelezo ya matibabu huwasaidia. Wachapieni wanachohitaji, mkabidhi kwa yule ambaye marehemu alimtaja kwenye fomu ya ridhaa. Ndiyo maana, juu ya yale mambo manne, fomu iwe na mstari wa kumtaja mtu huyo, hasa pale ambapo mke hakujua ugonjwa wa mumewe au mume wa mkewe. Kilichobaki kituoni kinatunzwa au kufutwa kwa utaratibu wa kituo.

Skana au simu ikiibiwa?

Skana ambayo haina hifadhi ndani ikiibiwa ni hasara ya fedha. Angalia kama yako ina kadi ya kumbukumbu. Ikiwa nayo, itoe kila jioni. Simu ikiibiwa ni jambo jingine. Mjulishe mfawidhi siku hiyo hiyo, futeni simu kwa mbali kama mliiandaa hivyo, toeni taarifa polisi, na angalieni ni faili za wagonjwa gani zilikuwa bado hazijafutwa. Kisha nenda kwa kila mmoja wao ukamwambie kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa jirani.